5D Mark III ya mtumba, EOS RP au R6? Ulinganisho kwa mpiga picha wa harusi

Kijana anayeanza kupiga picha za harusi kwa kulipwa, akishakusanya hela yake, mara nyingi hujikuta mbele ya kamera tatu. Ya kwanza ni Canon 5D Mark III, iliyotoka 2012 kwa dola 3,499 na leo inapatikana mtumba kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Ya pili ni EOS RP ya 2019, ndogo na nyepesi, iliyoanza kwa dola 1,299 na kuwafungulia wengi mlango wa kamera za fulu fremu (sensa yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35) zisizo na kioo ndani. Ya tatu ni EOS R6 ya 2020, iliyoanza kwa dola 2,499, ambayo sasa nayo imeingia sokoni kama mtumba kwa kuwa wenye nazo wamehamia R6 Mark II. Pembeni wapo wanaoangalia Nikon D750 na Sony a7 III, na hizo nitazigusa.

Nitazilinganisha kwa kazi moja tu: sherehe ya jioni ukumbini. Ndiyo inayotulipia kodi ya nyumba wengi wetu, iwe Dar, Arusha, Mwanza au Mombasa, na hakuna kazi inayovibana vifaa kama hiyo. Anayepiga wanyama Serengeti au bidhaa studio ana mahitaji mengine, na asichukue ushauri huu kama wake.

Fikiria maharusi wanavyoingia. MC ameshaita, taa kubwa zimezimwa, zimebaki zile za rangi za stejini, moshi umepulizwa, na wawili hao wanakuja wakicheza katikati ya meza huku wageni wameinua simu pande zote. Inachukua dakika chache. Baadaye ndafu inaingizwa na wapishi wakiimba, kisha keki, kisha wazazi wa pande zote mbili wanalishwa keki na kukumbatiana. Hakuna hata tukio moja hapo utakaloomba lirudiwe. Kwa hiyo maswali ya kuiuliza kamera ni manne. Je, picha ikishapigwa itakuwepo kesho? Je, inafokasi gizani? Je, mwanga utatosha? Je, itafika saa sita usiku?

Utaona sijauliza megapikseli. Picha ya R6 ina pikseli 5,472 kwa 3,648. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata karibu inchi 18 kwa 12, na hizo zinatosha kurasa za albamu za kawaida. RP ina megapikseli 26, 5D Mark III ina 22, R6 ina 20. Zote zinatosha, tuendelee.

Sloti mbili

Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko mahali pengine popote. Memori kadi hufa. Hufa ikiwa mpya na hufa ikiwa ya kampuni kubwa, na ikifa usiku wa harusi, picha za familia mbili zinaweza kwenda nayo. Kamera yenye sloti mbili huandika kila picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Ukipoteza moja, nyingine ipo.

5D Mark III ina sloti ya kadi ya CF (CompactFlash, kadi pana ya zamani) na sloti ya SD. R6 ina mbili za SD, zote za UHS-II, yaani kiwango cha kuandika kwa kasi kubwa. D750 ina mbili za SD, a7 III pia mbili, ingawa moja tu ndiyo yenye kasi hiyo kubwa. RP ina moja. EOS R ya 2018 ina moja, na Nikon Z6 ya kwanza ina moja.

Kwa sababu hiyo peke yake, RP siipendekezi kuwa kamera kuu ya harusi, pamoja na uzuri wake wote. Ina picha safi, inafokasi kwenye jicho, na gramu zake ni 485 tu ikiwa na betri na kadi. Kama kamera ya pili, iliyofungwa lenzi ya milimita 85 na kuning'inia begani, ni nzuri mno. Lakini peke yake, mbele ya bibi harusi aliyelipa malipo ya awali miezi kadhaa kabla, ni hatari ambayo yeye hajaambiwa kwamba anaibeba. Kama ndiyo uliyonayo tayari, tumia kadi ndogo na uzibadilishe kwa vipindi: moja ya maandalizi na kanisani au ndoa, nyingine ya picha za nje, nyingine ya ukumbini. Hapo kadi ikifa unapoteza kipande, siku nzima inabaki.

Sloti za 5D Mark III zina jambo lake la kujua. Ile ya SD ni ya kizamani, haitumii kasi ya UHS-I, kwa hiyo ukiandika RAW (faili ghafi la kuediti) kote kuwili kumbukumbu ya muda ya kamera hujaa haraka na kukusimamisha katikati ya mfululizo wa picha. Dawa ni kuandika RAW kwenye CF na JPEG kubwa kwenye SD. JPEG nzuri iliyosalimika ni bora kuliko RAW iliyopotea. Lakini usingoje wiki ya harusi kutafuta kadi za CF. Madukani sasa zimekuwa chache, na kifaa chake cha kusomea kadi kwenye kompyuta pia inabidi ukitafute.

Fokasi, na kile unachokiona kabla ya kubofya

5D Mark III ina vituo 61 vya fokasi, na vilikuwa vizuri kiasi kwamba wapiga picha wa michezo waliitegemea. Inaweza kufokasi kwenye mwanga hafifu wa kiwango cha EV −2 (EV ni kipimo cha mwanga; ikizidi kushuka, giza linazidi). Lakini vituo hivyo vimejazana katikati ya fremu, na kazi ya kuchagua kimoja na kukiweka juu ya jicho ni yako, kwa kijiti kidogo kilicho nyuma. Mtu aliyeizoea hufanya hivyo bila kufikiri. Asiyeizoea atarudi nyumbani na picha za maua yaliyokolea huku uso wa bibi harusi umefifia.

Zipo pia tofauti za kiufundi. Kwenye kamera yenye kioo, fokasi hupimwa na kifaa tofauti na sensa inayopiga picha. Vikipishana kidogo, lenzi ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa) itakuwa inafokasi sikio badala ya jicho, kila mara. 5D Mark III ina sehemu ya kurekebisha jambo hilo kwa kila lenzi, na ukinunua mtumba ni lazima uifanye. R6 na RP hupima kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo tatizo hilo halipo.

R6 kwa upande huu iko mbali sana. Inashika jicho na kulifuata mtu akiwa anacheza, na kwa lenzi ya f/1.2 Canon wanaitaja kufika EV −6.5, giza ambalo wewe mwenyewe ungeona kwa shida. Si kwamba haikosei: mgeni akijitokeza mbele na simu, kamera inaweza kurukia uso wake, na shela nzito ikifunika macho inababaika. Hapo unarudi kwenye kituo kimoja na kukiweka mwenyewe. Ila kwa picha nyingi za usiku huo, jambo ambalo kwenye 5D lilikula nusu ya akili yako linakuwa limeondoka, na unabaki kumtazama mama anayefuta machozi.

Jambo lingine la kamera zisizo na kioo ni kwamba kijidirisha cha kuchungulia kinakuonyesha picha jinsi itakavyotoka. Kwetu hili lina uzito wa pekee. Kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Jaza fremu kwa gauni jeupe au kwa safu ya wanaume wenye kanzu, kitapunguza mwanga, na nyuso nyeusi zitazama. Mgeukie bwana harusi mwenye suti nyeusi, kitaongeza mwanga, na paji la uso wake litang'aa hadi rangi ya ngozi ipotee. Ngozi zetu ni nzuri zikipewa mwanga wake sawasawa: kuna wekundu, kuna dhahabu, kuna buluu ya kivulini, na vyote hivyo hupotea kosa likiwa dogo tu. Kwenye R6 unaliona kosa kabla ya kubofya. Kwenye 5D unaliona baada, kwa hiyo unafanya kazi kwa M (unapanga mwanga mwenyewe), unapima usoni, na unawasha alama ya kupepesa inayokuonyesha palipoungua.

Hapa D750 inastahili kutajwa kwa heshima. Ni ya 2014, ni ya mtumba kama 5D, lakini sensa yake inavumilia sana kuinuliwa kivuli wakati wa kuediti. Ukimpiga mtu gizani kidogo kuliko ilivyotakiwa, unaweza kuirudisha ngozi yake bila uchafu mwingi. 5D Mark III ukiinua vivuli vyake unaanza kuona mistari na chengachenga. Kwa anayejifunza bado kupima mwanga, D750 inasamehe zaidi. Kabla hujainunua, angalia namba ya mfululizo chini ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) na uikague kwenye tovuti ya Nikon, kwa sababu baadhi ya D750 ziliitwa kurudishwa kwa ajili ya shata (pazia linalofunguka picha inapopigwa), na unataka iliyokwisha kushughulikiwa.

Kuhusu ukimya: kanisani au msikitini, R6 inaweza kupiga bila sauti yoyote. Ni neema wakati wa kiapo. Lakini usiitumie hali hiyo ya kimya ukumbini chini ya taa za LED. Taa hizo huwaka na kuzimika kwa kasi ambayo jicho haliioni, na shata ya kielektroniki inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo unapata michirizi ya giza na rangi juu ya uso wa watu. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi ya 1/100 au 1/50 huwa salama zaidi na taa za kawaida. Taa za stejini zina mwendo wake mwingine, na huko rudi kwenye shata ya kawaida. 5D Mark III ina hali yake ya mlio mdogo, ambayo kwa sherehe nyingi inatosha.

Uzito na betri

Watu husema R6 ni nyepesi, nao wana haki: gramu 680 dhidi ya 950 za 5D. Lakini ukiifunga lenzi yako ya zamani ya EF (aina ya Canon ya kamera zenye kioo) 24-70 f/2.8 toleo la pili yenye gramu 805, pamoja na adapta ya gramu 110, tofauti ya mkononi inabaki kama gramu 160 tu. Usinunue R6 kwa ajili ya uzito kama lenzi zako ni zilezile.

Betri ndiyo faida kubwa ya kamera yenye kioo. Kwa vipimo vya kiwandani 5D inapiga karibu picha 950 kwa chaji moja na D750 1,230. R6 kwa kijidirisha haifiki 400, na RP ni 250. Ukweli wa kazini huwa mzuri kuliko namba hizo kwa sababu tunapiga kwa mfululizo, lakini uwiano unabaki. Harusi nzima kwa R6 inataka betri tatu au nne, na za RP nyingi zaidi. Ziweke mfuko wa kushoto zikiwa zimejaa na uzihamishie wa kulia zikiisha, ili usiku wa manane usiwe unabahatisha.

Jambo la kupendeza ni kwamba R6 inakubali betri za LP-E6 za 5D, ingawa kasi ya juu kabisa ya mfululizo inapungua ukitumia zile kuukuu. Na lenzi za EF zinafanya kazi kwenye R6 kwa adapta ya Canon bila kupoteza fokasi. Kwa hiyo anayeanza na 5D leo akitarajia R6 baadaye hatatupa kitu: lenzi, betri, chaja, flashi, vyote vinaendelea. Ndiyo sababu ninaiweka 5D mbele ya D750 kwa mtu ambaye tayari ana lenzi hata mbili za Canon.

Hela ya lenzi iko wapi?

Kijana anatumia yote kwenye R6, kisha anaifunga lenzi ya f/4 na kwenda nayo ukumbini. Jirani yake ana 5D ya mtumba, 24-70 f/2.8, 85 f/1.8 na flashi mbili. Album ya jirani itakuwa bora, na sababu yake ni hesabu tu. Kutoka f/4 kwenda f/2.8 unapata mwanga mara mbili. Kutoka f/2.8 kwenda f/1.8 unapata karibu mara mbili na nusu tena. Mahali ambapo f/2.8 ilikulazimisha ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) ya 6400, f/1.8 inakubali karibu 2500, na ngozi inabaki laini.

Kuna njia mbili za kujipanga. Ya kwanza ni zumu moja ya 24-70 f/2.8 inayofanya karibu kila kitu. Ya pili ni lenzi mbili zisizo na zumu, 35 na 85, kila moja kwenye bodi yake. Mimi kwa kuingia ukumbini, ndafu na keki nataka zumu, kwa sababu watu wanasogea na huna nafasi ya kurudi nyuma; kuna meza, kuna mtu wa video, kuna shangazi aliyesimama juu ya kiti. Kwa hotuba, kwa wazazi, kwa bibi harusi anayesikiliza, nataka 85. Inakuweka mbali kiasi kwamba watu wanakusahau.

Kwa hela ndogo kabisa, EF 50 f/1.8 STM ya 2015 haina mpinzani: gramu 160, na bei yake ilianza dola 130 hivi. Ila usiifungue f/1.8 kwa maharusi wawili waliopishana hatua moja. Mmoja atakuwa mkali na mwingine ukungu. Kwa picha za ukoo zenye safu mbili au tatu nenda f/5.6 na uache flashi ifanye kazi.

Sony a7 III ina hoja yake hapa. Sony iliwafungulia watengenezaji wengine mlango wa lenzi mapema, na matokeo yake ni vitu kama Tamron 28-75 f/2.8 ya 2018, gramu 550, iliyoanza kwa dola 799. Anayeanza bila lenzi yoyote, na anayetaka kamera isiyo na kioo yenye sloti mbili, seti ya a7 III na Tamron hiyo mtumba inaweza kuwa ya bei rahisi kuliko R6 na lenzi ya RF (aina ya Canon ya kamera zisizo na kioo) ya daraja hilo. Betri yake nayo ni nzuri, picha 610 kwa kijidirisha. Ninachokisisitiza ni kuuliza kwanza: wenzako unaofanya nao kazi wanatumia nini? Siku lenzi yako inapoanguka saa mbili usiku, utaazima ya aliye karibu, na inafaa ifunge kwenye kamera yako.

Mwanga, ambao wengi huununua mwisho

Kwa maoni yangu flashi mbili za kawaida zitakubadilishia picha kuliko kubadilisha bodi. Mafunzo mengi yanasema elekeza flashi juu ya dari mwanga urudi laini. Kumbi zetu haziruhusu hivyo. Dari iko juu sana, au mpambaji ameifunika vitambaa vya zambarau na waridi, na mwanga ukirudi unarudi na rangi hiyo usoni. Dawa ni kuweka flashi kwenye stendi, moja kila upande wa sehemu ya kuchezea, juu ya vichwa vya watu, na kuziwasha bila waya kwa triga iliyo juu ya kamera.

Kwa stendi, Godox TT600 inatosha. Haijipimii mwanga yenyewe, unaiwekea nguvu mwenyewe, na kwa kuwa stendi haisogei hilo si tatizo. Inatumia betri nne za penseli. Chukua za kuchaji. Kwa flashi ya juu ya kamera, tofauti ya bei ya Godox V860II yenye betri ya lithiamu inastahili kulipwa. Inatoa takriban miwako 650 ya nguvu zote kwa chaji moja na inarudi tayari kwa sekunde moja na nusu hivi, wakati ya penseli inakuchelewesha. Keki inapokatwa hiyo sekunde moja ni nyingi.

Dhidi ya hizo kuna taa za LED za kuwaka muda wote, ambazo wengi wanazipenda kwa kuwa unaona mwanga kabla ya kupiga, na zinafaa kwa video pia. Ni kweli. Lakini LED ya wati 60 haina nguvu ya kuugandisha mguu wa mtu anayecheza, inawapofusha wageni, na nyingi zinategemea umeme wa ukumbi. Umeme ukikatika, flashi inaendelea. Kama unafanya kazi na mtu wa video mwenye taa zake, zungumza naye mapema na uutumie mwanga wake kama mwanga wa pembeni. Zake mara nyingi ni nyeupe wakati balbu za ukumbi ni za manjano, hivyo funga karatasi ya rangi ya chungwa kwenye flashi yako ulingane na upande unaoutaka.

Anayetumia flashi na R6 au RP azime ule mpangilio wa kijidirisha kuonyesha mwanga halisi. Usipouzima, ukishaweka 1/160 na f/4 utachungulia giza tupu, kwa sababu kamera haijui kwamba flashi inakuja. Pia ile miale myekundu ya flashi inayosaidia kamera za zamani kufokasi gizani, kamera hizi haziitumii.

Kukagua mtumba dukani

Nenda mchana, na tochi, kadi mbili na flashi yako. Kwa 5D Mark III fungua mlango wa kadi na uangalie ndani ya sloti ya CF: kuna pini nyembamba zimepangwa safu. Moja ikiwa imepinda, sloti hiyo haifai, na ukilazimisha kadi unaimaliza. Piga picha uhakikishe imeandikwa kwenye kadi zote mbili. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16 uone madoa ya sensa. Vumbi husafishwa, mkwaruzo haufutiki. Funga flashi iwake mara kadhaa mfululizo, kwa sababu kiatu cha flashi (pale juu inapochomekwa) kilicholegea ni ugonjwa wa kamera zilizofanya kazi ya harusi.

Uliza idadi ya mipigo ya shata. Canon walitaja 150,000 kwa 5D Mark III kama kiwango kilichojaribiwa. Inaweza kupita hapo sana au isifike. Canon haiandiki namba hiyo ndani ya picha, unahitaji programu na waya. D750 huiandika, na unaweza kuisoma kwenye faili la picha. Muuzaji anayekukatalia kuchomeka waya amekwisha kukujibu.

Lenzi zinahitaji umakini zaidi kuliko bodi, hasa pwani. Ondoa vifuniko, ifungue hadi tundu la mwisho, mulika tochi upande mmoja ukichungulia upande mwingine. Ukiona nyuzi nyeupe kama za buibui zimetambaa kwenye kioo, huo ni ukungu. Unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja unaupenda, na ukiingia kati ya vioo fundi lazima aifungue lenzi nzima. Ukishanunua, usiiweke kwenye begi lililofungwa wiki nzima. Sanduku lisilopitisha hewa na vifuko vya kukausha unyevu ni kinga ya bei ndogo. Na siku ya kazi, ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Mji Mkongwe, kioo kitajaa jasho papo hapo. Acha begi lililofungwa lipate joto kwanza dakika kadhaa, au zima kiyoyozi kabla hamjafika.

Basi ipi?

Mwenye hela ya seti moja nzima na hana kitu: 5D Mark III iliyokaguliwa vizuri, 50 f/1.8, zumu ya f/2.8 ya mtumba hata ya Tamron, V860 moja na TT600 moja. Akiwa mgeni wa kupima mwanga na hana deni na Canon, D750 kwa mpangilio huohuo. Mwenye lenzi nzuri za EF tayari na kazi za kila wikiendi: R6, bila kusita, na 5D ibaki kamera ya pili. Mwenye RP: usiiuze kwa hasara, itafutie mwenzake mwenye sloti mbili, nayo ibaki na 85 yake.

Na kama bado unayumba kati ya 5D na R6, kodi R6 kwa sherehe moja. Ichukue siku moja kabla, siyo asubuhi ya harusi, maana vitufe havifanani na mpangilio wa fokasi unahitaji jioni nzima sebuleni, taa zimezimwa, watoto wakikimbia mbele yako. Omba na adapta, na ujaribu lenzi zako zote. Siku ya kazi tumia R6 kwa kuingia ukumbini na 5D kwa keki. Kesho yake fungua picha za kamera zote mbili kwa ukubwa kamili, uangalie macho tu, uhesabu zilizokolea kila upande. Kama tofauti ni ndogo, hela ya R6 iende kwenye lenzi ya 85 na flashi ya tatu.